Shahidi Mmoja Angani

Hoja iliyowekwa mbele ya hadhirina katika ukumbi wa shule moja ya Tseikuru, alasiri ya siku ya soko, baada ya wachuuzi wa mbuzi kumaliza hesabu zao na joto kuanza kulegea, ilikuwa hii: kwamba kompyuta zinazoongoza ndege za abiria zimezidisha usalama wa wasafiri, wala hazikuupunguza. Mtu wa mbali huenda akastaajabu kwamba mji mdogo wa kaskazini ya Kitui, ambao njia ya kutoka Mwingi kupitia Kyuso huufikia na vumbi lake lote, umejishughulisha na mambo ya marubani. Walakini mshangao huo una upungufu wa fikira, kwa maana vijana wa Ukambani siku hizi huenda Doha na Riyadh kutafuta riziki kama babu zao walivyokwenda Mombasa, na kila nyumba iliyomtoa mtoto kwenda Ghuba ina haki ya kuuliza ni nani, au ni kitu gani, kinachoushika usukani juu ya mawingu.

Waliosema walikuwa wanne. Aliyeitetea hoja alikuwa Fundi, mzee aliyestaafu baada ya kutumika miaka mingi katika mabanda ya kutengenezea ndege kule Embakasi; aliyeipinga alikuwa Mwalimu wa hesabu na fizikia, kijana mwenye ulimi mwepesi na kumbukumbu inayokera; wa tatu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa ndengu, ambaye hakujifunga na upande wowote; na aliyekalia kiti alikuwa mutumia mmoja, mzee aliyezoea kuamua mashauri ya mipaka na mifugo. Nami nilikuwa mwandishi wao tu, ingawa sikuahidi kutotia neno langu.

Fundi: Hadhirina, na wewe mutumia uliyekalia kiti, nawaomba kwanza mjue kwamba jambo hili si la jana. Mwaka 1914, ndege zikiwa bado miti na turubai, kijana wa Kimarekani, Lawrence Sperry, aliruka juu ya mto Seine huko Ufaransa, akainua mikono yake yote miwili mbele ya waamuzi ili waone kwamba chombo kinajishikilia chenyewe, kwa magurudumu yazungukayo aliyoyafunga ndani yake. Mwaka 1965 ndege ya Waingereza ya aina ya Trident, yenye abiria, iligusa ardhi ya London kwa mtambo. Kisha mwaka 1988 ikaingia kazini Airbus A320, ambayo mkono wa rubani hauvuti tena waya wa chuma uendao mkiani, bali hupeleka ombi kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mbawa zigeuzwe kiasi gani. Na rubani akitaka kuiinua pua kupita kiasi, hata bawa lishindwe kuubeba mwili wa ndege, kompyuta humkatalia. Mwaka 2009 ndege ya aina hiyo ilipopoteza injini zote mbili kwa kugonga mabata bukini juu ya New York, Kapteni Sullenberger aliilaza juu ya maji ya mto Hudson wakapona watu wote 155. Na sehemu ya sifa hiyo ni ya kompyuta iliyolilinda bawa katika nukta zile za mwisho, ingawa magazeti hayakuipiga picha.

Fauka ya hayo, alikuwako mhandisi aliyeitwa Don Bateman, aliyetengeneza chombo cha kumpigia rubani kelele ardhi inapomkaribia ilhali yeye haioni. Marekani ilikilazimisha katika miaka ya 1970, na ajali za ndege nzima nzima kuugonga mlima ndani ya mawingu, zilizokuwa zikiua watu wengi mno zama zile, zikapungua. Mwaka 2017 ulipita bila abiria hata mmoja duniani kufa katika ajali ya ndege ya jeti ya shirika la abiria. Lakini nani alifanya karamu? Aliyeokolewa na kompyuta hajui kwamba ameokolewa. Hushuka, hulalamikia mizigo yake iliyochelewa, huenda zake.

Watu walicheka, na mwenye kiti akaacha wacheke.

Mwalimu: Mzee Fundi amewahesabu wazima, nami nitawahesabu maiti, maana hao ndio waliotufikia sisi. Tarehe 10 Machi 2019, asubuhi ya Jumapili, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302, Boeing 737 MAX 8 ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi ikiwa na watu 157, na baada ya dakika sita ikajichimbia shambani karibu na Bishoftu. Hakupona hata mmoja, na Wakenya walikuwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote lililokuwamo. Nahodha wake, Yared Getachew, alikuwa kijana wa miaka 29 aliyekwisha ruka saa zaidi ya 8,000. Hakuwa mwanagenzi wala mlevi. Basi alikosea nini?

Kwenye pua ya ndege hiyo palikuwa na vihisi viwili, kimoja kila upande, vipimavyo pembe ambayo bawa huukabili upepo. Cha kushoto kikaharibika mara tu baada ya kuruka, kikadai kwamba pembe ni digrii 74, kana kwamba ndege imesimama wima kama mnazi, ilhali cha kulia kilisema digrii 15 au karibu yake. Ndani ya ndege mlikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyotiwa kwa sababu injini kubwa zilizosogezwa mbele zilikuwa zimeibadili tabia ya 737 ya zamani, na kazi yake ilikuwa kuishusha pua inapoinuka kupita kiasi. Programu hiyo ikakisikiliza kihisi cha kushoto peke yake. Ikaisukuma pua chini, marubani wakaivuta, ikasukuma tena, nao wakavuta tena, hata mwisho.

Na kubwa kuliko yote, waungwana, ni hili: marubani wa ulimwengu walipokabidhiwa ndege hiyo hawakuandikiwa vitabuni mwao kwamba imo programu kama hiyo, kwa kuwa kampuni ilitaka kuuza ndege ambayo rubani wa 737 aliyetangulia angehamia bila mafunzo ya gharama katika mtambo wa kuigizia urukaji. Walikuja kuambiwa baada ya ndege ya Lion Air kuanguka baharini huko Indonesia, tarehe 29 Oktoba 2018, ikiwa na watu 189. Miezi minne na nusu baadaye zikazikwa roho 157 nyingine. Sasa Mzee Fundi anitajie ni usalama gani ulioongezeka pale.

Palikuwa na kimya kidogo, kwani ajali ile haikusahaulika Kenya, na hata huku barani, mbali na makao makuu ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri ambako baadhi ya marehemu walikuwa wakielekea kwa mkutano wa mazingira, watu waliiomboleza. Aliyekivunja kimya hicho alikuwa mwenye kiti, ambaye kwa kanuni za mdahalo hakuwa na ruhusa ya kusema, lakini mtu wa umri wake akitaka kusema nani atamnyamazisha?

Mutumia: Mimi si msomi wa ndege. Nimekaa barazani kuamua kesi za ng'ombe na mashamba, na katika hizo zote sijapata kumtoa mtu katika ardhi yake kwa maneno ya shahidi mmoja, ilhali shahidi wa pili amekaa pale pale na hajaulizwa. Mwanangu Mwalimu, umesema vihisi vilikuwa viwili. Kwa nini kimoja hakikuulizwa?

Mwalimu akakiri kwamba hilo ndilo swali lililoulizwa hata na Bunge la Marekani. Fundi naye, ambaye nilidhani atakimbilia kujitetea, alilipokea swali kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitafuta.

Fundi: Mutumia ameitoa hukumu kabla sijaomba rufani. Mwalimu anaishitaki kompyuta, lakini aliyeiamuru kompyuta isikilize kihisi kimoja ni mwanadamu, na aliyeuficha waraka ni mwanadamu. Ndege hizo zilizuiliwa kuruka ulimwenguni kwa miezi ishirini hivi, hata Marekani ikaziruhusu tena tarehe 18 Novemba 2020. Na zilirudi zikiwa na nini? Zilirudi na kompyuta, ila sasa kompyuta ile huvisikiliza vihisi vyote viwili, na vikihitilafiana kwa zaidi ya digrii tano na nusu hukaa kimya. Haisukumi mara nyingi bali mara moja, wala haisukumi kuishinda nguvu ya rubani. Dawa ya kompyuta mbaya ilikuwa kompyuta iliyofundishwa insafu. Tena, bila ya kumdhulumu marehemu, injini za ndege ile ziliachwa na nguvu za kurukia hadi mwisho, mwendo ukazidi mno hata gurudumu la mkono, ambalo ndilo la kuurekebisha mkia baada ya kuikata swichi ya umeme, halikugeuzika.

Mwalimu: Halikugeuzika kwa mkono, ndipo wakaurudisha umeme, na MCAS ikarudi nao. Mzee Fundi, utawalaumu kwa kutokumbuka injini ilhali usukani unatetemeka mikononi, kengele zinalia, na vipimo vya kushoto na vya kulia vinakanushana?

Hapa nitatia neno langu. Mabishano haya ya Tseikuru yamewahi kubishwa na wenye vyeo: wachunguzi wa Ethiopia walipotoa ripoti yao ya mwisho, Desemba 2022, waliitupia mzigo MCAS na kusema kwamba kihisi kiliharibiwa na hitilafu ya nyaya za umeme, ilhali wenzao wa Marekani na Ufaransa wakajibu kwamba yawezekana sana kihisi hicho kiligongwa na ndege wa porini, na kwamba ripoti haikuyapima vya kutosha matendo ya marubani. Sidhani kwamba hitilafu hiyo inageuza jambo la msingi. Liwe ni tai au waya, kihisi, kitu kidogo kinachokaa nje katika jua na barafu, hakina budi kuharibika siku moja, na mwenye kutengeneza chombo ambacho uzima wa watu 157 unategemea kihisi hicho kimoja amekosea kabla rubani hajazaliwa kazini.

Mama wa ndengu, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, sasa akaomba nafasi.

Mama: Nyinyi mnaizungumza ya Addis kwa kuwa ni ya karibuni. Mimi naikumbuka ile yetu wenyewe, ya Kenya Airways, iliyopotea Cameroon usiku, watu wakakaa siku nzima na zaidi hawajui iko wapi. Ile nayo ilipotezwa na kompyuta?

Fundi: La, mwaitu, mama yetu. Ile ilipotea kwa sababu kompyuta haikuwashwa. Ilikuwa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800, usiku wa manane, mvua za radi zimeichelewesha Douala zaidi ya saa nzima. Iliporuka, nahodha alitamka kwamba mtambo wa kujiongoza ushike, lakini haukushika, wala msaidizi wake hakuthibitisha kwamba umeshika. Ndege ile ilikuwa na tabia ndogo ya kulalia kulia. Kwa takriban nukta hamsini na tano hakuna mkono wa mtu wala wa mashine uliogusa chochote, nje kukiwa giza tupu, nayo ikazidi kulala pole pole, hata kompyuta ya tahadhari ikapiga kelele kwamba bawa limelala mno. Nahodha alipogutuka alichanganyikiwa, akauzungusha usukani huku na huko. Ikaangukia kwenye kinamasi cha mikoko si mbali na uwanja. Watu 114. Lau mtambo ule ungeshika kweli, wangefika Nairobi asubuhi.

Mwalimu: Lau rubani asingezoea kwamba upo mtambo wa kushika, angeshika yeye.

Sijasikia katika mdahalo wowote sentensi mbili fupi zenye haki sawa zikigongana namna ile. Kwa rai yangu ajali ya Douala inafundisha zaidi kuliko ya Bishoftu, ingawa hutajwa kidogo, kwa kuwa ya Bishoftu ina mkosa dhahiri aliye mbali na mwenye fedha, na hivyo hutustarehesha. Ya Douala ina chombo kizima, injini nzima, kompyuta nzima, na watu wawili ambao kila mmoja alidhani kazi inafanywa na mwingine. Kule mashine ilishika bila mtu kujua. Huku mtu alidhani kwamba imeshika nayo haikushika.

Mama: Na hiyo sauti ya tahadhari, husema kweli daima?

Mwalimu: Ndilo swali, mwaitu. Tarehe 30 Januari 2000 ndege nyingine ya Kenya Airways, Airbus A310, iliruka Abidjan usiku kuelekea Lagos. Mara tu ilipoiacha ardhi ikalia kengele ya kusema kwamba bawa linashindwa kuibeba ndege. Rubani akafanya alivyofundishwa, akaishusha pua. Lakini kengele ilikuwa ya uongo, ndege ilikuwa nzima, na chini yake palikuwa na bahari. Kulikuwa na watu 179, wakapona 10.

Mama: Basi sauti ya namna ile ile ambayo Fundi ameisifu kwa kuwaokoa watu milimani, ndiyo iliyowatumbukiza hawa baharini. Mtu atajuaje ni lini aitii?

Hapakuwa na aliyemjibu moja kwa moja, na nadhani hapana jibu fupi. Badala yake kijana mmoja aliyesimama mlangoni akauliza, kwa sauti ya kutaka kuchekesha, kama kile chuma cha Makueni nacho kilikuwa na kompyuta. Naye alikusudia pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kama nusu tani, iliyoanguka kijijini Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, ambayo Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, na kwamba vipande vya namna hiyo hukusudiwa viungue angani au viangukie mahali pasipo na watu, kama baharini. Mwenye kiti alimzima akisema hilo liko nje ya hoja. Sina yakini kwamba liko nje kabisa, maana Mukuku haikuwamo katika hesabu za waliokirusha.

Mwalimu akaongeza burhani ya karibuni zaidi: kwamba mwishoni mwa Oktoba 2025 ndege ya A320, iliyokuwa ikitoka Mexico kwenda Marekani, iliinamisha pua ghafula bila ya kuamriwa, abiria wakaumia, na mwezi uliofuata kampuni ya Airbus ikatangaza kwamba mnururisho mkali wa jua unaweza kuziharibu taarifa ndani ya kompyuta ya usukani, ikaagiza takriban ndege 6,000 zirekebishwe kabla ya kuruka tena. Rubani mmoja akikosea, alisema, amekosea yeye. Programu ikikosea, imekosea mara elfu sita kwa wakati mmoja, katika kila bara, na hakuna anayejua isipokuwa jua.

Fundi: Na nyingi katika hizo elfu sita zilirekebishwa ndani ya siku chache, Mwalimu, kwa kurudishiwa programu ya awali. Niambie, marubani elfu sita wenye tabia mbaya moja ungewarekebisha kwa siku ngapi? Mimi nimewaona wakifundishwa jambo mwaka baada ya mwaka na wakirudi katika mazoea yao.

Hilo, kwa insafu, lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya alasiri ile, na Mwalimu mwenyewe alitikisa kichwa akitabasamu. Kosa la mashine huenea kama moto, lakini na dawa yake huenea hivyo. Kosa la mtu hukaa naye, na huzikwa naye, na mwanafunzi wake hulianza upya. Nikilazimishwa kuchagua upande nitauchagua wa Fundi, kwa sharti kwamba mashine isiwe na shahidi mmoja na rubani asiwe na mwenzi asiyemjua. Na masharti hayo si ya uhandisi tu bali ni ya amana, kwani katika 737 MAX yalivunjwa na watu waliojua vema namna ya kuyatimiza.

Jua lilikuwa limekwisha shuka upande wa Kyuso, na magari ya kurudi Mwingi yakipiga honi, Mwalimu alipoleta jambo la mwisho, akidhani limo upande wake. Tarehe 15 Agosti 2022, alisema, ndege ya Ethiopian kutoka Khartoum ilifika juu ya Addis Ababa ikiwa futi 37,000 hewani, ikaupita uwanja bila kuteremka, na waongozaji wa chini wakaita wasijibiwe, kwa sababu marubani wote wawili walikuwa wamelala usingizi. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta: huwaondolea watu shughuli hata wakasinzia. Fundi akajibu kwamba kompyuta hiyo iliwabeba salama katika usingizi wao, na njia iliyopangiwa ilipokwisha ikajifungua na kupiga kengele, nayo kengele ikawaamsha, wakageuka wakatua wazima. Mama akauliza ni nani aliyewapangia zamu hata wakachoka kiasi hicho. Swali hilo nalo halikupata mwenyewe.

Mutumia: Fundi, umezitetea kompyuta tangu tulipoketi. Nasikia Ulaya walifikiri kumwacha rubani mmoja peke yake mbele ndege ikisha kutulia angani, mwenziwe akapumzike. Wewe utakubali?

Fundi: La. Hata wakuu wa usalama wa ndege wa Ulaya walipolichunguza, mwaka 2025 walisema kwamba kwa sasa hawawezi kuthibitisha kuwa usalama utabaki ule ule.

Mwalimu: Hao ni Ulaya. Nakuuliza wewe, Mzee Fundi, kwa nini?

Fundi: Kwa sababu ndege ile ya Lion Air haikuanza kuugua siku iliyoanguka. Usiku uliotangulia, tarehe 28 Oktoba, ilitoka Bali kwenda Jakarta ikiwa na ugonjwa ule ule, pua ikisukumwa chini kila mara, wala marubani hawakulijua jina la programu hiyo, kama ulivyosema. Ilifika salama. Ndani ya chumba cha mbele alikuwamo rubani wa tatu, hakuwa na zamu, amepanda kama abiria tu. Wale wawili walikuwa wameshughulika kuuvuta usukani. Yeye hakuwa na kazi isipokuwa kutazama, akaona gurudumu la kuurekebisha mkia likizunguka lenyewe, akawaambia wazikate swichi mbili.